Sindano Ikigusa Saba

Siku ya hamsini tangu jiwe la angani lilipolipiga, Gurudumu, makazi ya watu huko angani, lilikuwa bado linazunguka kama desturi yake, duru moja kila dakika mbili, na watu wake mia mbili na kumi na wanne walikuwa bado wanapika, wanafua na kugombania foleni ya maji. Kilichobadilika ni taa. Kila siku zilififia kidogo, kidogo kiasi kwamba ukiambiwa unabisha, mpaka siku unajikuta umeinamia sahani ukitafuta chuya kwa ncha ya kidole.

Nyamizi alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule pekee ya Gurudumu. Asubuhi hiyo alichora ubaoni mishale miwili inayoanzia sehemu moja. Alichora kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Siku ya jiwe, mlango wa chuma ulimbana mkono huo, na vidole vitatu vilikuwa vimeungwa mara mbili bila kushika vizuri.

"Mshale huu ni jua," alisema. "Huu ni uso wa bawa letu la sola. Mishale hii tunaiita vekta. Tukizizidisha kwa nukta, tunauliza swali moja tu: mmeelekeana kiasi gani? Zikielekea njia moja, jibu ni moja kamili, mwanga wote ni wetu. Zikikaa kama pembe ya meza, jibu ni sifuri, hata jua liwake namna gani."

"Na zikipeana mgongo?" aliuliza msichana wa mbele.

"Jibu linakuwa hasi. Huko hatufiki."

"Sasa hivi sisi ni ngapi, Mwalimu?"

Nyamizi hakuwa na desturi ya kudanganya watoto. "Nukta sita nne," alijibu.

Hata wadogo walijua kwamba chini ya nukta nne mitambo ya hewa isingeweza kuwatosha wote.

Bawa lilifungwa kwenye mhimili wa Gurudumu kama kofia kwenye kichwa: mhimili ukitazama jua, bawa linatazama jua. Lakini Gurudumu lilikuwa linalizunguka jua, na kila siku jua lilisogea pembeni uzi mmoja, yaani digrii moja. Zamani injini za ukingoni ziligeuza mhimili uzi huo mmoja, na hakuna mtu aliyewaza habari hiyo. Jiwe lilipokuja liliingia moja kwa moja chumba cha uongozi. Liliua wahandisi wote sita, likasaga kompyuta pamoja na vitabu vyote vilivyokuwa ndani yake, na likaacha injini moja tu yenye gesi kidogo. Siku hamsini, nyuzi hamsini. Chombo cha msaada kilikuwa njiani, na kilikuwa kimebakiza siku thelathini na moja.

Hivyo mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa amebaki kama mtu pekee anayejua hesabu ya kuligeuza Gurudumu.

*

Chumba cha valvu kilikuwa chembamba kama korido, na ndani yake walikaa watatu. Bi Kokugonza, mwenyekiti wa Gurudumu, mama wa miaka sitini na ushei mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuikatiza. Ambakisye, fundi wa mabomba, ambaye mkewe alikuwa mmoja wa wale wahandisi sita. Na Nyamizi, na karatasi yake.

"Nieleze kama unavyowaeleza watoto," alisema Kokugonza.

"Gurudumu linalozunguka lina ukaidi, Mama. Ukilisukuma hapa, halilali upande huo. Linalala kwa upande wa kushoto au kulia wa pale uliposukuma. Kujua ni upande gani, tunachukua vekta mbili, ule umbali kutoka katikati hadi kwenye injini, na ile nguvu ya msukumo, tunazizidisha kwa msalaba. Jibu lake si namba tu, ni mshale wa tatu, umesimama wima juu ya zote mbili. Mhimili utaufuata mshale huo."

"Na huo mshale wa tatu unaelekea juu au chini?"

"Hapo ndipo mkono unapotumika. Unanyoosha vidole kufuata mshale wa kwanza, unavikunja kuelekea wa pili, na dole gumba linakuonyesha." Akaonyesha haraka, akaushusha mkono, kwa kuwa Ambakisye alikuwa tayari anaitazama karatasi.

Ukutani palikuwa na saa ya mzunguko, yenye alama kumi na mbili na sindano moja iliyomaliza duara kila Gurudumu lilipomaliza duru. Karatasi ilisema: fungua gesi sindano ikigusa saba. Fundi angebonyeza mara moja tu. Baada ya hapo mtambo ungeshika palepale alipobonyeza na kurudia wenyewe duru baada ya duru, mpaka gesi iishe.

"Akili yangu ya ufundi ingesukuma kwenye kumi," Ambakisye alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Watu walijua kwamba tangu msiba hakuwa akilala vizuri, na siku tatu za mwisho hakulala kabisa, alikuwa akitembea tu. "Lakini mimi ni mtu wa spana. Mwalimu, hatuwezi kujaribu kidogo kwanza? Duru tano tu, tuone geji inasemaje?"

Bawa lilipaswa kukunjwa wakati wa kusukuma, lisivunjwe na mitikisiko, na bawaba yake ilikuwa na ufa. Jicho la geji hiyo ya kupimia mwanga lilikuwa juu ya bawa, na upande wa jua Gurudumu halikuwa na dirisha hata moja, ngao tupu. Kujaribu maana yake ni kulikunja bawa, kulikunjua, kulikunja tena.

Kokugonza alimgeukia Nyamizi. "Una hakika?"

"Nina hakika, Mama."

"Basi tusiichokoze bawaba. Mara moja, tumalize."

Walimwacha Ambakisye peke yake mle ndani akisubiri amri kwa simu, kwa sababu kulikunja bawa kulichukua saa nzima. Amri ilipotoka, Gurudumu zima lilianza kutikisika kwa mapigo, kama mtu anayepigwa mgongoni taratibu akikohoa. Watu walikaa sakafuni wameshikana mikono. Saa sita baadaye mapigo yakakoma, bawa likakunjuliwa, na wote waliojazana Ukumbi Mkuu wakainua nyuso kuitazama geji kubwa.

Nyamizi alikuwa ameahidi nukta nane nane. Sindano ilipanda, ikatetemeka, ikasimama.

Nukta tatu moja.

*

Mtu akikosa cha kulaumu hulaumu kilicho karibu. Kabla saa moja haijapita Gurudumu zima lilikuwa limeshajua kwamba fundi Ambakisye alisinzia. Ilieleweka upesi sana: mtu hajalala siku tatu, ameachwa peke yake saa nzima kwenye chumba chenye joto, simu inalia, anashtuka, anabonyeza bila kutazama. Sindano ilikuwa kwenye moja badala ya saba. Moja na saba zinatazamana. Ukisukuma kwenye moja, unageuka kinyume kabisa. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyelieleza hilo walipomuuliza ni kosa gani lingeweza kuleta nukta tatu moja. Alilieleza kwa nia njema. Mtambo ulipozimwa ulijifuta kumbukumbu, hivyo hapakuwa na shahidi.

Jioni Luhende, mume wa Nyamizi, alikuwa anambadilishia bandeji. Luhende alikuwa muuguzi, mtu wa mikono mizito na maneno machache.

"Mimi sijaelewa bado," alisema. "Hicho kitu cha vidole. Nionyeshe."

Nyamizi akainua mkono. "Vidole vifuate mshale wa kwanza, vikunje kuelekea wa pili, dole gumba..."

"Kwa mkono wowote?"

"Hapana, ni wa kulia. Wahandisi waliuchora mshale wa mzunguko wa Gurudumu kwa mkono wa kulia, ule ulio ukutani shuleni. Ukitumia kushoto mwanzo hadi mwisho utafika palepale, lakini ukichanganya mikono..."

Hakumaliza. Luhende alikuwa ameushika mkono wake wa kulia mapajani, nusu umefungwa, vidole vimevimba kama mihogo, visivyoweza kukunjika. Mkono uliokuwa hewani, dole gumba likielekea sakafuni, ulikuwa wa kushoto.

Nyamizi aliutazama. Alikumbuka usiku wote aliokaa na ile hesabu. Alikumbuka namba zote, alizozihakiki mara nne. Namba hazikuwa na kosa hata moja. Kila alipofika mwisho, pale pa kujua juu au chini, alikuwa ameinua mkono uliokuwa mzima.

"Luhende," alisema. "Ambakisye hakulala."

Luhende aliifunga bandeji mpaka mwisho, akaipachika pini. Ndipo akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Naenda kwa Mama Kokugonza sasa hivi."

"Kaa kwanza."

"Nikae vipi? Wanamtukana mtu asiye na hatia."

"Kaa, mke wangu. Umesema hewa ya Ukumbi Mkuu inaweza kutoka kupitia injini ileile. Inageuza nyuzi ngapi?"

"Thelathini. Tukisukuma kwenye moja. Maandalizi yakiisha tutakuwa kwenye sabini na tano, tungerudi hadi arobaini na tano. Mwisho mwisho tungekohoa, lakini tungefika."

"Na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho."

"Ndiyo."

"Sasa nenda kawaambie hesabu ya kwanza uliikosea kwa kuwa ulisahau mkono upi ni upi. Halafu uwape karatasi ya pili. Nani ataifuata?" Alikuwa anaongea polepole kama anayempima mgonjwa. "Waambie hewa ina tabia nyingine kuliko gesi, ndiyo maana safari hii ni moja badala ya saba. Nani atajua? Tukishafika salama, utasema kila kitu."

"Na Ambakisye?"

Luhende alikusanya bandeji chafu, na usiku huo Nyamizi hakutoka.

*

Alipeleka karatasi ya pili kesho yake. Alisema maneno ya Luhende kama yalivyo, kwamba hewa ina tabia nyingine. Kokugonza aliisoma, akaikunja, akasema, "Ahsante, mwanangu," na Nyamizi akarudi darasani.

Kuandaa ukumbi kulichukua siku tatu. Ilibidi kuhamisha ile geji kubwa na familia zilizokuwa zinalala humo, kuziba milango na kuunga mabomba. Ambakisye ndiye aliyeunga mabomba, chini ya ulinzi wa watu wawili. Nyamizi alimkuta huko siku ya pili, amelala chali chini ya bomba, spana mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ingawa walikuwa rika moja. Sauti yake ilikuwa imepoa.

"Fundi, wewe unakumbuka nini? Siku ile."

"Nimekumbuka vizuri sasa. Mwanzoni nilibisha, niliona kabisa sindano iko kwenye saba. Lakini Mama Kokugonza alinikalisha tukaenda hatua kwa hatua. Nakumbuka simu ilinishtua. Mtu aliye macho hashtuki. Na nilikuwa nimemwona mke wangu mle ndani, Mwalimu, amesimama karibu na saa. Utamwonaje marehemu kama hujalala?" Akageuza spana nusu duru. "Sabini nimeiota, nadhani. Saba, samahani. Hata ulimi wangu haunitii."

Hapo ndipo angesema. Walinzi walikuwa mbali, wanacheza bao kwa vifuniko. Alifungua kinywa, akauliza kama bomba litahimili.

"Litahimili," alisema Ambakisye. "Hili nimelifanya nikiwa macho."

Waasisi wa Gurudumu walikuwa wameacha sheria moja ambayo watoto waliikariri bila kuielewa: aharibuye pumzi ya wote hulipa kwa yake. Haikuwahi kutumika. Asubuhi ya siku ya tatu, hewa ikiwa tayari nzito kiasi cha wazee kulazwa, baraza liliitumia: fundi achomwe sindano ya kufa. Ambakisye aliombwa ajitetee, akasema hana la kusema, na kwamba bora iwe kabla ya kusukuma kuliko baada, ili hiyo pumzi yake nayo ihesabiwe.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Luhende alikuwa anachemsha sindano.

"Mkono utakaomchoma ni wangu," alimwambia Nyamizi bila kugeuka. "Si wako. Wewe nenda darasani."

Nyamizi alikwenda mpaka mlango wa darasa. Watoto walikuwa wamekaa ishirini na sita, wamelegea kwa hewa mbaya, wengine wamelaza vichwa juu ya madawati. Aliwatazama mmoja mmoja. Hesabu ilikuwa nyepesi mno: mtu mmoja upande huu, watu mia mbili na kumi na watatu upande ule. Hata wa darasa la kwanza angeifanya. Aliirudia mara mbili kichwani, jibu likawa lilelile, na miguu yake ikageuka ikarudi mbio zahanati.

*

Ambakisye alikuwa ameshalazwa kitandani, mkono wa shati umekunjwa. Kokugonza na wajumbe wanne wa baraza walisimama ukutani.

"Simamisheni!" Nyamizi alihema. "Hakulala. Ni mimi."

Alisema yote. Bandeji, mkono wa kushoto, dole gumba, mshale wa wahandisi. Alisema pia juu ya uongo wa hewa na tabia yake, ingawa Luhende alikuwa anamtikisia kichwa asilitaje hilo. Alipomaliza, maji ya sindano yalikuwa bado yanachemka.

"Kwa nini hukusema siku ile?" aliuliza Kokugonza.

"Niliogopa hamtaifuata hesabu ya pili."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa, Mama."

Ambakisye aliinuka, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Msimsikilize," alisema kwa upole. "Mwalimu ana huruma. Jana kutwa alikuwa ananizunguka kule mabombani, anatafuta namna ya kuniokoa. Mimi ninajua nilichofanya. Nililala."

"Fundi, hukulala! Uliniambia uliiona saba."

"Niliota, Mwalimu."

"Hukuota! Ulibonyeza palepale nilipokuambia. Palepale ndipo pabaya."

Kokugonza alivuta kiti akakaa, akaitoa mfukoni karatasi ya kwanza na ya pili, akazitandaza magotini. Hakuwa mtu mbaya. Hilo Nyamizi alilijua hata wakati ule, na ndilo lililomtisha zaidi.

"Ngoja nielewe," alisema. "Jana nilikuwa naamini tusukume kwenye moja, kwa sababu hewa ina tabia nyingine. Leo unaniambia hiyo ilikuwa uongo. Kwa hiyo hewa na gesi ni sawa."

"Ni sawa."

"Basi kama fundi alilala, hesabu yako ya kwanza ilikuwa sahihi, tusukume kwenye saba. Kama hakulala, ulikosea, tusukume kwenye moja."

"Ndiyo, Mama. Na hakulala."

"Huyo anasema alilala, na kusema hivyo kunamuua. Mtu hasemi uongo wa kumuua. Wewe unasema hakulala, na kusema hivyo kunamwokoa, na juzi ulinidanganya usoni nikakushukuru." Akamtazama. "Huo mkono wa kulia, nani aliyesema ndio sahihi?"

"Ni makubaliano tu, Mama. Wowote ni sawa, mradi usichanganye."

"Wowote ni sawa," alirudia mjumbe mmoja, na akacheka kicheko kikavu.

"Nipeni saa moja niwaonyeshe!" Nyamizi alinyakua kifuniko cha sufuria, akapitisha penseli katikati, akakizungusha juu ya meza ya dawa, akakisukuma kwa kidole. Kifuniko kilipepesuka, kikachora duara la ovyo, kikaanguka kwa kelele. Akakizungusha tena. Kikaanguka upande mwingine. Ndani ya chumba ambacho chenyewe kinazunguka hakuna kitu kinachopepesuka kwa adabu, na mkono mmoja haumudu kazi ya miwili. Luhende ndiye aliyeuondoa mkono wake taratibu mezani.

"Muulizeni mume wangu," alisema Nyamizi. "Yeye ndiye aliyegundua."

Wote wakamtazama Luhende.

"Ni kweli," alisema.

"Ni mumeo," alisema Kokugonza, bila ukali.

Baraza lilipiga kura palepale. Mkono wa mwalimu ulikuwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Kusinzia kwa mtu asiyelala siku tatu kila mmoja aliweza kukuona. Walikubali jambo moja tu katika ombi lake: kwa kuwa palikuwa na shaka, Ambakisye asichomwe sindano mpaka kazi iishe. Ama kubonyeza, safari hii Kokugonza angebonyeza mwenyewe, wajumbe wawili wakimtazama, sindano ikigusa saba.

Nyamizi alipiga magoti akaishika miguu ya Kokugonza. Walimwinua bila kumuumiza, wakajali hata mkono wenye bandeji.

*

Mapigo yalianza saa nane mchana. Ukumbi Mkuu ulitema hewa yake angani, pumzi ya watu mia mbili, pigo kwa pigo, duru kwa duru. Nyamizi alikaa na watoto darasani. Hakuna aliyeuliza kitu. Alijua kila pigo linafanya nini. Alikuwa akiuona mhimili akilini kama unavyouona mgongo wa mtu anayeondoka, sabini na tano, themanini, themanini na tano. Kwenye tisini alifumba macho. Mapigo yakaendelea.

Bawa lilipokunjuliwa, taa hazikurudi. Geji ilikuwa na kipande kidogo chekundu chini ya sifuri, ambacho watu walidhani ni pambo. Sindano ikakaa humo.

Hakukuwa na kelele kama alivyotegemea. Watu walishuka kwenye vyumba vyao wakimulika ngazi kwa tochi. Mtu alikuwa anaimba mahali fulani, akaacha.

Ambakisye alimkuta Nyamizi kwenye korido ya shule, amekaa sakafuni na mgongo ukutani. Walinzi hawakuwa naye tena. Hakuna aliyekumbuka kumlinda. Alisimama mbele yake, tochi ikimulika viatu vyake mwenyewe.

"Kumbe sikulala," alisema.

Nyamizi akamtazama. Uso wa fundi ulikuwa na kitu kama furaha, furaha ya kweli ya mtu aliyerudishiwa kitu chake, na palepale, Nyamizi akiwa bado anautazama, ule uso ukaelewa ulichokuwa umekifurahia. Ambakisye akachutama, akaufunika kwa mikono yote miwili.

"Ningekubali," alisema. "Ningekuambia ndiyo, Mwalimu, sikulala. Kwa nini hukuniambia kule mabombani? Tulikuwa wawili tu."

Nyamizi alianza kuitaja karatasi ya pili, akaacha.

Baadaye fundi alijifuta uso kwa shati. "Mama Kokugonza anakuita. Ghala la chupa za hewa ya dharura. Anataka umpigie hesabu."

Walikwenda pamoja. Kokugonza alikuwa amesimama kati ya rafu, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo. Hakuomba msamaha, wala Nyamizi hakuomba. Ambakisye alihesabu chupa kwa sauti, rafu kwa rafu, akizigusa moja moja. Mia tatu na nane. Chupa moja ilimtosha mtu mmoja siku moja, na chombo cha msaada kilikuwa kimebakiza siku ishirini na nane. Nyamizi aliandika kwenye ukuta kwa chaki.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Watoto wako ni wangapi darasani?"

"Ishirini na sita, Mama."

Kokugonza aliitazama ile namba ukutani. Akachukua kitambaa, akaifuta.

"Wewe hukosea," alisema. Ndani ya sauti yake Nyamizi alisikia ombi ambalo hakuwahi kulisikia kwa mwenyekiti. "Ulikosea siku ile. Rudia. Fundi, hesabu upya."

Ambakisye alianza tena rafu ya kwanza. Nyamizi aliandika upya, polepole, akiomba kwa moyo wake wote awe ameruka mahali, awe amesahau kubeba tarakimu, awe ni mjinga wa mwisho aliyewahi kushika chaki. Fundi alimaliza kuhesabu. Mia tatu na nane. Wakagawanya, yeye ukutani na fundi kwa vidole, kila mmoja peke yake.

"Mwalimu?" Kokugonza aliuliza.

"Kumi na mmoja, Mama."

"Fundi?"

Ambakisye alikuwa ameinama. "Kumi na mmoja," alisema.

"Rudieni," alisema Kokugonza, na wakarudi rafu ya kwanza.